Maswali ya Joto: Kidhibiti Kinasema 70, Korosho Zinasema Vingine

Maswali ya safari hii yametoka kwa wabanguaji, waokaji, wafugaji na watu wa samaki, kuanzia Mtwara mjini hadi Kilwa. Nimeyafupisha bila kubadili maana, na kila nyuzi joto iliyotajwa humu ni ya Selsiasi. Kidhibiti joto ninachokizungumzia ni kile kisanduku kidogo kwenye mlango wa paneli chenye namba mbili zinazowaka. Ya juu ni joto linalosomwa na kihisi, yaani sensa, na ya chini ni joto ulilokipangia. Karibu nusu ya walioandika wameshaambiwa na mtu wanunue kingine kipya. Naomba tusikimbilie huko, maana pesa ya kikundi ikishatoka hairudi.

Shikamoo fundi. Sisi ni kikundi cha akinamama wa Mikindani, tunabangua korosho. Tanuri letu la kukaushia lina hita za umeme na trei zilizopangwa juu hadi chini. Kidhibiti kinaonyesha 70 muda wote, lakini trei za juu zinatoka zimebadilika rangi na za chini ngozi haitoki. Tumeambiwa kidhibiti kimekufa. Tununue kingine?

Marahaba dada zangu. Msinunue. Kidhibiti chenu kinafanya kazi yake sawasawa, ila kinaifanya pale tu kilipo kihisi. Hakijui kwamba kuna trei ya juu wala ya chini. Kinajua ncha moja ya chuma iliyopenya ukutani, na kinahakikisha ncha hiyo ina nyuzi 70. Kwingine kote ndani ya tanuri kunaweza kuwa na 60 au 90, na kwenye kioo mtaendelea kuona 70 ileile.

Fanyeni hivi kwanza. Tafuteni vipimajoto vidogo vya kidijitali vyenye waya mrefu, vinne vinatosha. Laza ncha za waya kwenye trei nne, ya juu kabisa, ya chini kabisa na mbili za katikati, katikati ya korosho zenyewe na si kwenye bati la trei. Fungeni mlango, washeni, kisha andikeni namba zote nne kila nusu saa, pamoja na ile ya kidhibiti. Msitegemee kumbukumbu, tumieni daftari. Baada ya mkupuo mmoja mtakuwa na ramani ya tanuri lenu, na hiyo itawafaa kuliko kidhibiti chochote cha dukani.

Nikisoma maelezo yenu naona mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni feni. Feni ikiwa dhaifu, au ikiwa inazunguka kinyume, hewa moto hupanda juu ikakaa huko. Feni ya umeme wa njia tatu hugeuka mwelekeo mtu akibadilishana waya mbili tu, na hilo hutokea sana baada ya matengenezo. Bado itavuma, bado mtasikia sauti, lakini hewa inayosukumwa ni kidogo mno. Shikeni kipande cha uzi au utepe mwepesi mbele ya tundu la hewa mwone unapepea kuelekea wapi.

La pili, na hapa ndipo wengi wanapopotea, ni mahali kihisi kilipochomekwa. Kikikaa kwenye njia ya hewa inayorudi, yaani ile iliyokwisha kupita kwenye trei, mwanzoni mwa kazi kitadanganyika vibaya. Korosho bado zina unyevu, unyevu unakula joto, hewa inarudi ikiwa imepoa, na kidhibiti kinaona 55. Kinaamua kuongeza moto. Hewa inayotoka kwenye hita inapanda mpaka 90 au zaidi na kuzikuta trei za kwanza uso kwa uso. Hizo ndizo zinazoungua. Hamisheni kihisi kikae baada ya hita na feni, kabla hewa haijagusa trei. Hapo mnapopanga 70, hakuna punje itakayokutana na hewa ya moto zaidi ya hapo. Kazi itachukua muda mrefu kidogo, hilo mjue mapema. Ukaushaji wa punje kwa nyuzi 70 hivi ni kazi ya saa kadhaa, mara nyingi 6 hadi 8, na hakuna njia ya mkato isiyoacha alama.

Mengine ni ya mikono. Msijaze trei mpaka hewa ikose pa kupita. Badilishaneni trei za juu na za chini katikati ya kazi. Tundu la kutolea mvuke liachwe wazi kiasi, la sivyo unyevu unazunguka ndani tu na ngozi itaendelea kushika.

Mnajua wenyewe hesabu ya daraja. W320 ni punje nzima nyeupe, 300 hadi 320 kwa ratili moja. Punje ileile, ukubwa uleule, ikibadilika rangi kwa moto inahamia kundi la SW, yaani punje nzima zilizobabuliwa na moto, na bei inashuka. Shimo jipya la kihisi ni kazi ya drili na nusu siku.

Kaka fundi, niko Masasi. Nimenunua kidhibiti REX-C100 na SSR ya ampea 40. Taa ya OUT inawaka, hita haipati moto kabisa. Nimebadilisha SSR mara mbili.

Ndugu yangu, acha kubadilisha SSR, yaani ile relei ya kielektroniki inayowasha hita bila ncha zinazosogea. Geuza kidhibiti usome karatasi ya ubavuni. Mwishoni mwa namba ndefu ya modeli utakuta ama FK02-M*AN au FK02-V*AN. Herufi hiyo ya M au V ndiyo ugomvi wako wote. M maana yake ndani mna relei ya kawaida, yaani swichi tupu inayofunga na kufungua bila kutoa umeme wake. V maana yake kinatoa volti ndogo za DC kwa mapigo, na hizo ndizo SSR inazozisubiri. SSR nyingi zinahitaji volti 3 hadi 32 za DC upande wa kuamrisha. Ukiifunga kwenye M, inasubiri kitu ambacho hakitakuja.

Usiamini karatasi peke yake, kwa sababu nakala za modeli hii ni nyingi sokoni na karatasi hubandikwa na yeyote. Weka multimita kwenye DC, pima kwenye skrubu mbili za kutolea wakati taa ya OUT inawaka. Ukipata volti kadhaa, ni V. Ukipata sifuri, ni M.

Kama ni M, hujapoteza pesa. Unaweza kukitumia kuendesha koili ya kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme, au ukapitisha umeme wa adapta ya volti 12 DC kwenye swichi yake uende kwenye SSR. Kwa njia zote mbili weka mzunguko wa kuwasha na kuzima usipungue sekunde 20, kwa sababu relei na kontakta huchakaa kwa kila mpigo. SSR ikiongozwa na V inaweza kwenda kwa sekunde 2.

Halafu hiyo SSR umeifunga kwenye nini? Kila ampea inayopita humo huacha joto la wati 1 hadi 1.5. Hita ya kilowati 5 kwa volti 230 huvuta karibu ampea 22, kwa hiyo kidude hicho kinatoa wati 20 na ushei mpaka 30 na kitu, ndani ya boksi, Masasi, mwezi wa Novemba. Kifunge kwenye bati nene la alumini lenye mapezi, upake na ile krimu ya kupitisha joto. Na ampea 40 iliyoandikwa usiitumie yote. Nusu yake ndiyo ninayoiamini.

Naoka mikate Lindi mjini. Nimepanga 220, oveni inapanda mpaka 255 ndipo irudi, halafu inashuka 200, halafu inapanda tena. Mikate ya kwanza inaungua. Nipange 190 ili isivuke?

Hapana mama, ukipanga 190 utaunguza ya kwanza na kuacha mbichi ya tatu. Oveni yako ni nzito. Matofali na mabati yanachelewa kupata moto na yanachelewa kuuachia. Kidhibiti kikisubiri mpaka 220 ndipo kizime, joto lililokwisha kuingia kwenye hita na ukuta litaendelea kutoka, na namba itapanda yenyewe hata umeme ukiwa umekatika.

Dawa yake ipo ndani ya kidhibiti chako na inaitwa PID. Kidhibiti cha namna hii hakisubiri kufika. Kinaangalia mambo matatu kwa pamoja: umebakiza nyuzi ngapi kufika lengo, umekaa chini ya lengo kwa muda gani, na kwa sasa joto linapanda kwa kasi gani. Ukiwa mbali kinatoa nguvu yote. Ukikaribia kinaanza kupunguza, kinawasha sekunde 12 kati ya 20, kisha 8, kisha 3. Fikra hii haikuzaliwa kwenye majiko. Nicolas Minorsky aliiandika mwaka 1922 akichunguza namna ya kuongoza meli zishike njia, kwani nahodha mzuri hasubiri meli ipite mstari ndipo ageuze usukani. Mwaka 1942 Ziegler na Nichols wakatoa kanuni ya kutafuta namba tatu zinazofaa kwa mtambo wowote bila hesabu ngumu, na mpaka leo mafundi wanaanzia hapo.

Wewe huna haja ya kukokotoa. Vidhibiti vingi vina kitu cha kujipima chenyewe. Tafuta kwenye menyu neno AT au ATU, weka 1, taa ya AT itaanza kumetameta. Kitapandisha na kushusha joto mara kadhaa kwa makusudi kikijifunza tabia ya oveni yako, kisha taa itazimika na namba zitahifadhiwa. Yapo masharti. Fanya siku ambayo huna oda ya haraka. Feni, trei na mlango viwe kama siku ya kazi, na ndani pawe na mzigo, hata kama ni trei za maji au unga wa majaribio. Ukijipimia oveni tupu, utapata namba za oveni tupu. Panga joto lilelile unalookea, usijipimie 100 ukaja kuoka 220. Na kama kuna kidude cha kuzuia ncha ya kihisi isiguse hewa, mathalani bomba nene la chuma lililojaa masizi, kisafishe kwanza, kwa sababu kihisi kinachochelewa kusoma kitaharibu kipimo chote.

Baada ya hapo kuvuka kwa nyuzi 3 au 5 mara ya kwanza ni jambo la kawaida kwa oveni ya namna yako. Kuvuka kwa 35 si kawaida.

Na mimi ni mwokaji, jirani yake. Asubuhi oveni inafika 220 kwa dakika 40. Jioni haifiki kabisa, inakwama 190. Kidhibiti hicho hicho.

Pima volti jioni. Nguvu ya hita hufuata volti mara volti. Hita iliyotengenezwa kwa 230 ikipata 180 inabaki na asilimia 61 tu ya nguvu yake. Kidhibiti kinaweza kuwasha asilimia 100 ya muda na bado oveni isifike. Ukikuta volti ziko sawa, pima kila hita peke yake kwa multimita, huenda moja imekatika na asubuhi hujaigundua kwa sababu hupimi muda kwa makini.

Assalaam aleykum. Tuna chumba cha baridi Kilwa Masoko, pweza na samaki. Kompresa inawaka na kuzima kila baada ya dakika moja au mbili. Umeme ukikatika na kurudi ndiyo inanguruma vibaya na kuangusha breka. Kidhibiti ni STC-1000.

Waaleykum salaam. Kompresa hiyo inauawa taratibu, na tiba ni bure. STC-1000 ina namba nne tu za kupanga. F1 ni joto unalotaka. F2 ni tofauti, yaani joto lipande kiasi gani juu ya F1 ndipo kompresa iwake. F3 ni dakika za kusubiri kabla ya kuwaka tena, na F4 ni marekebisho ya kihisi.

Kutoka kiwandani F2 huja ikiwa 0.5. Hiyo ndiyo inayowasha na kuzima kompresa yenu kama taa ya pikipiki. Wekeni 2. Mkipanga F1 kuwa -18, kompresa itawaka joto likifika -16 na kuzima likirudi -18. Samaki aliyeganda hatasikia tofauti ya nyuzi mbili za hewa.

F3 wekeni 5. Kompresa ikizima, gesi ya upande wa presha kubwa inahitaji dakika kadhaa kusawazika na upande wa pili. Ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo, inasukuma ukuta, inavuta umeme mwingi, inanguruma na breka inaanguka. Kidhibiti hiki husubiri muda wa F3 hata umeme ukirudi baada ya kukatika, kwa hiyo mtakuwa mmejibu maswali yenu yote mawili kwa namba moja.

Angalieni pia kama kompresa inapita moja kwa moja kwenye relei ya kidhibiti. Relei hiyo ni ya ampea 10, na kompresa huvuta mara kadhaa ya kawaida yake wakati wa kuanza. Kompresa ya chumba iendeshwe na kontakta, kidhibiti kiendeshe koili ya kontakta tu. Na kwa kuwa mko pwani kabisa, fungueni paneli mwangalie skrubu. Mkiona ukungu wa kijani kwenye shaba, hewa ya chumvi imeshaingia. Maandishi ya IP65, yaani kinga ya vumbi na maji, kwenye kidhibiti mara nyingi ni ya uso wa mbele peke yake. Mgongo wake uko wazi. Zibeni matundu ya waya chini ya paneli, na nyaya ziingie kwa chini, kamwe zisiingie kwa juu.

Niko Newala, nina mashine ya kutotolesha vifaranga. Nilichovya kihisi kwenye maji yanayochemka nikapata 97.5. Kimeharibika?

Kiko sawa, mwanangu. Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde. Kila unapopanda mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 1 chini. Ungefanya jaribio hilo Shangani, Mtwara, ungepata karibu 100. Wewe tumia barafu: isage, changanya na maji safi yasiyo na chumvi mpaka iwe kama uji mzito, koroga, chovya kihisi katikati bila kugusa chombo. Hapo ni 0 popote ulipo. Barafu kavu iliyotoka kwenye friza bila maji ina joto chini ya sifuri, itakudanganya. Kwa mayai ya kuku lengo lako ni 37.5 mashine ikiwa na feni, na kosa la nyuzi moja kwa siku 21 huonekana kwenye idadi ya vifaranga, kwa hiyo linganisha pia na kipimajoto cha homa kikiwa kwenye maji ya uvuguvugu ya 37 au 38. Hicho kimetengenezwa kwa ajili ya eneo hilo hilo la joto.

Waya wa thamokapo ulikatwa na panya, nikaunga kwa waya wa kawaida wa umeme. Inasoma, lakini asubuhi namba moja na mchana nyingine, na nahisi tanuri lina moto kuliko inavyosema. (Mtwara mjini)

Unahisi sawa. Thamokapo ni waya mbili za madini tofauti, na volti yake ndogo huzaliwa njia nzima ambayo joto linabadilika, kutoka ncha mpaka kwenye skrubu za kidhibiti. Aina zake hutajwa kwa herufi, na kwa aina ya K ni kama mikrovolti 41 kwa kila nyuzi. Ulipoweka shaba pande zote mbili, kipande hicho hakizalishi kitu. Tuseme kiungo chako kiko ubavuni mwa tanuri penye nyuzi 60, na kidhibiti kiko kwenye paneli penye 32. Nyuzi 28 zimepotea hapo katikati. Kioo kitasema 172 na tanuri lina 200. Ubavu ukipoa asubuhi, kosa linapungua. Mchana linakua.

Nunua waya wa aina ileile ya thamokapo, K kwa K, J kwa J. Uangalie rangi kwa makini kwa sababu kuna desturi mbili sokoni. Kwa waya wa K wa mtindo wa Marekani, chanya ni ya njano na hasi ni nyekundu. Wa mtindo wa IEC, chanya ni ya kijani na hasi ni nyeupe. Fundi wa umeme akiona nyekundu anaipeleka kwenye chanya bila kufikiri, na hapo joto likipanda namba inashuka. Ukichanganyikiwa kabisa chukua sumaku: kwa aina ya K, waya wa hasi ndio unaovutwa kidogo. Waya za mtandao wa taa usiziguse tena kwa kazi hii.

Kihisi cha Pt100, kile cha platini kinachopima joto kwa ukinzani wa umeme, hakina shida hii, chenyewe kina omu 100 kwenye nyuzi 0 na omu 138.5 kwenye 100. Ila omu moja ya ziada kwenye waya ni kosa la nyuzi 2.6, ndiyo maana kina waya tatu. Wa tatu usiukate kwa kuona hauna kazi.

Shikamoo mzee. Tandahimba hapa tanuri letu limeungua usiku, korosho zote zimekuwa mkaa. Asubuhi kidhibiti kilikuwa kizima, kimeandika joto kubwa na taa ya OUT imezimika. Nani amewasha hita?

Marahaba. Poleni sana, na nashukuru kwamba hakuna mtu aliyelala mle ndani. Hita iliwashwa na SSR. Kidude hicho kikifa, mara nyingi hufa kikiwa kimefunga, yaani kinapitisha umeme hata kisipoamrishwa. Kidhibiti kiliona joto, kikazima amri yake, na hakuna aliyekisikiliza. Kontakta nayo inaweza kuganda ncha zake zikaungana. Na kuna namna ya tatu, kihisi kinachomoka kwenye tundu lake kinalala nje, kinasoma 30 ya chumbani, na kidhibiti kinamimina nguvu zote usiku kucha kikidhani tanuri limepoa.

Kwa sababu hiyo kidhibiti kimoja hakitoshi. Hili nalisema kwa kila mtu mwenye tanuri, awe na trei mbili au mia. Weka kizuizi cha pili kisichotegemea cha kwanza kwa chochote: kihisi chake, swichi yake, na kontakta yake iliyo nyuma kabisa, inayokata umeme wa hita zote. Termostati ya bomba jembamba la shaba yenye kitufe cha kubonyeza kwa mkono inafaa na haihitaji hata umeme kufikiri. Ipange nyuzi 15 au 20 juu ya joto la kazi. Ikishakata isirudi yenyewe, mtu aje, aangalie, abonyeze. Alamu iliyomo ndani ya kidhibiti kikuu msiihesabu kama kizuizi, kwa sababu inasoma kihisi kilekile. Kihisi kikidanganya, vyote viwili vinadanganyika.

Kisha mjaribu. Mara moja kwa mwezi, tanuri likiwa kazini kwenye 70, shusheni kizuizi mpaka 60 mwone kama kontakta inaanguka. Kama haianguki, tanuri lisiwashwe usiku. Korosho ni chakula chenye mafuta karibu nusu ya uzito wake, na mafuta ya ganda lake yanawaka kwa hasira. Watu wanalala jirani na mabanda hayo.

Tunachemsha korosho ghafi kwa mvuke Nachingwea. Geji inasema bar 1, kipimajoto kinasema 108. Ipi ni kweli?

Huenda zote. Mvuke mtupu kwenye bar 1 ya geji huwa na nyuzi 120, na kwenye bar 7 huwa 170. Mkipata presha iliyo sawa na joto lililo chini, ndani mmebaki hewa iliyochanganyika na mvuke. Hewa inasukuma geji lakini haipiki. Fungueni koki ya juu mwachie hewa itoke mpaka mvuke utoke mfululizo, ndipo mfunge na kuanza kuhesabu dakika. Kipimajoto kikikaribia 120, mmefanikiwa. Vali ya usalama isiguswe wala kufungwa waya na mtu yeyote, na boila ikaguliwe na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kama sheria inavyotaka.

Mimi ni mwanafunzi wa umeme, chuo cha ufundi Mtwara. Nataka kufanya kazi viwandani, kwenye gesi au saruji. Vidhibiti hivi vidogo vinanisaidia, au niende moja kwa moja kwenye PLC?

Anza na hivi vidogo. PLC, ile kompyuta ya viwandani inayoendesha mitambo, itakusubiri. Mambo yanayotokea kwenye kisanduku hiki ndiyo yanayotokea kwenye chumba cha udhibiti cha mtambo wa gesi wa Madimba au Songo Songo. Kinachobadilika ni idadi ya mistari na ukubwa wa hasara ukikosea. Kwenye tanuri la saruji klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, huiva karibu nyuzi 1450, na hapo thamokapo ya K haifai tena, utakutana na aina za platini na vipimajoto vinavyosoma mwanga wa moto kwa mbali. Lakini swali ni lilelile: kihisi kiko wapi, na kinaona nini.

Jifunze mapema mkondo wa miliampea 4 hadi 20, kwa sababu ndio lugha ya viwanda. Kipimaji cha nyuzi 0 hadi 200 kikituma 4, ni nyuzi 0. Kikituma 12, ni 100. Kikituma 20, ni 200. Wanafunzi huuliza kwa nini isianze sifuri. Ikianza sifuri, huwezi kutofautisha joto la nyuzi 0 na waya uliokatika. Ikianza 4, ukiona sifuri unajua kuna waya umekatika mahali, na mtambo unaweza kujizima kwa usalama badala ya kumimina moto.

Tafuta kidhibiti kimoja cha bei ndogo, taa ya wati 60 ya kizamani inayotoa joto, boksi la bati na thamokapo. Kijipime, kikosee makusudi, geuza waya, chomoa kihisi, weka mzunguko wa sekunde 60, andika kinachotokea. Hapo ndipo uingie kwenye PLC, utaielewa haraka. Na ukimaliza chuo, omba leseni ya ufundi umeme EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla hujafungua paneli ya mtu kwa malipo.